Msomaji wa Taifa

Ilikuwepo nchi, nanyi msijisumbue kuitafuta, maana jina lake lilibadilishwa kwa amri mara nyingi hata wenyewe wakachoka kulitaja, wakawa wanasema "hapa" tu. Hapa palikuwa na serikali, serikali ilikuwa na viwanda, na viwanda vilitengeneza mafagio, makopo, sabuni za mche na vitu vingine vya kumfaa mwananchi. Zamani vitu hivyo viliuzwa dukani. Mtu alikwenda, akashika, akanusa, akauliza bei, akanuna, kisha akanunua au akarudisha. Ilikuwa njia ya kishamba sana.

Basi Mtukufu Kiongozi alikwenda mkutanoni ng'ambo, akarudi na habari kwamba walimwengu siku hizi hawauzi vitu, wanaandika makala. Makala inawekwa mtandaoni, mtu anaisoma kwenye simu yake, na chini kabisa kuna mstari wa buluu ulioandikwa "Bofya hapa ununue". Akishalainika moyo kwa aliyoyasoma anaubofya ule mstari, na mstari unampeleka kwenye duka lisilo na mlango. Mtukufu aliyaeleza haya redioni kutwa nzima, bila kunywa maji. Haikupita muda maduka yakafungwa, wenye maduka wakapewa vyeti vya shukrani, ikaundwa Wizara ya Makala na Mibofyo.

Uzuri wa makala haukupimwa kwa utamu wake wala kwa ukweli wake, maana mambo hayo yanaleta ugomvi. Kilipimwa kitu kimoja: katika watu walioisoma, wangapi waliubofya mstari wa buluu. Hicho ndicho kiliitwa kiwango. Na kwa kuwa ni jambo zito, hakikuachiwa makarani, kilihukumiwa. Kila mwisho wa mwezi Jaji Mkuu wa Mibofyo, Mheshimiwa Sifaeli Makeke, alivaa joho la buluu akaketi kwenye Ukumbi wa Viwango, akazihukumu makala moja moja mbele ya walioziandika.

Nao waandishi waliketi kwa viwango vyao. Mwenye kiwango cha juu alipewa kiti chenye mgongo na mikono. Aliyemfuata alipewa chenye mgongo bila mikono, kisha kigoda, kisha benchi, kisha mkeka. Waliobaki walisimama nje dirishani na kusikilizia huko. Ukimwona mtu mzima mjini anatembea ameshika kiuno, ulijua makala yake ya mwezi uliopita ilimpeleka kwenye benchi.

Sheria ya ukumbi ilikuwa moja tu. Ilikatazwa kuuliza "kati ya wangapi". Sheria hiyo ilitungwa baada ya mwandishi mmoja wa gazeti kuliuliza swali hilo mbele ya Waziri wa Mafagio, na Waziri akalazwa. Tangu hapo likawa swali la aibu, kama kumwuliza mwanamke umri wake mbele ya wakwe zake. Watu wa hapa wana adabu, wakaliacha.

*

Dirishani, miongoni mwa waliosimama, alikuwamo msichana aitwaye Somoe. Alisoma hadi darasa la saba, na Wizara ilimwajiri kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye mashine na mdomo wake mzito. Alipanga chumba cha uani kwenye nyumba ambayo wenyewe walihamia mji mwingine wakamwachia funguo na kuku aliyekufa baadaye. Akitoka kazini hakuwa na wa kumwambia amefika.

Serikali haikujua kwamba yuko peke yake, wala isingeweza kujua. Neno la taifa, lililoandikwa kwenye noti na juu ya milango ya vyoo vya umma, lilikuwa "Sisi ni Familia Moja". Kwa hiyo kuishi peke yako hakukuwa kosa, ila hakukuwapo. Karani wa sensa alipopita alimwuliza, "Mko wangapi humu?"

"Niko mimi."

"Fomu yangu inaanzia wanne, dada."

"Lakini niko mimi tu."

Karani akafikiri, maana alikuwa mtu mwema. "Nitaandika wanne, watatu wametoka."

Baada ya siku ile, Somoe alijikuta jioni anatazama mlango na kuwawaza wale watatu. Walitoka kwenda wapi, na mbona wanakawia hivyo.

Wakati huo Kiwanda cha Taifa cha Sufuria kilikuwa kimepata ajali ya kitaalamu. Mhandisi alichora sufuria kubwa ya familia, na mchoro ukapunguzwa ili uenee kwenye jalada la ofisi. Mafundi, kwa utii wao, wakatengeneza sufuria ya ukubwa ule ule wa mchoro. Walipokumbuka kuuliza walikuwa wameshajaza maghala. Zilikuwa sufuria nzuri, zenye mfuniko na masikio mawili, ila zilitosha kupika chakula cha mtu mmoja na si zaidi. Katika nchi iliyo familia moja, hili lilikuwa karibu na uhaini. Wizara ikazipa jina la Sufuria ya Familia, Aina ya Unyenyekevu, na makala ya kuzinadi akapewa mtu wa chini kuliko wote, asiye na kiwango cha kupoteza.

Somoe alijaribu kuandika habari za baba, mama na watoto wanaoizunguka sufuria kwa furaha. Kila alipowaandika waliona njaa. Mwisho akaandika anachokijua, "Namna ya Kupika Wali wa Mtu Mmoja". Aliandika hivi:

*Chukua mchele uliojaa kiganja chako, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya mtu atakayebisha hodi. Asipobisha, ni wako. Maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Usisimame juu ya sufuria ukiitazama, itadhani una wageni. Wali ukiiva, pakua kwenye sahani, ukae. Usile kwenye sufuria. Ukila kwenye sufuria siku tatu mfululizo utaanza kuongea na mwiko, na mwiko hauna la kukujibu.*

Wizara iliiweka makala hiyo chini kabisa ya ukurasa wa taifa. Ili uifikie ulipaswa kuzipita salamu za Mtukufu, salamu za mke wa Mtukufu, makala za mawaziri, za manaibu wao na shairi la kusifu mafagio. Somoe hakutarajia kitu. Asubuhi alipofungua mashine yake akaona: aliyesoma, mmoja. Aliyebofya, mmoja.

Kwanza alidhani ni yeye mwenyewe. Akakumbuka kwamba hakuwa amebofya. Akaandika nyingine, "Namna ya Kuugua Homa Ukiwa Peke Yako", akiwashauri watu waweke maji karibu mapema, mguu ungali na nguvu. Mmoja akasoma. Mmoja akabofya. Akaandika kwamba kucheka peke yako si wazimu mradi kuna jambo la kuchekesha. Mmoja tena.

Wakati wa chai alimwambia Nyamizi, mwenzake wa ofisini, ambaye aliandika za mafagio na alikuwa wa kigoda.

"Unamwandikia nani siku hizi, mbona unaandika unatabasamu?" Nyamizi aliuliza.

"Kuna mtu."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja si mtu, mdogo wangu. Mmoja ni hitilafu ya mashine. Mimi nikipata mmoja nampigia simu fundi."

"Anasoma hadi chini. Mstari wa buluu uko chini."

"Labda alilala, pua ikabofya."

"Kila wiki?"

Nyamizi akapuliza chai yake. "Basi ana pua ya kazi," akasema, lakini alimsogezea Somoe kipande cha muhogo kilichobaki, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya.

*

Siku ya hukumu ilipofika, Ukumbi wa Viwango ulijaa. Karani wa Jaji alianza na wakubwa.

"Makala ya Mheshimiwa Waziri wa Mafagio, yenye kichwa 'Ufagio na Maendeleo: Tulikotoka'. Asilimia sifuri nukta sifuri, sifuri, sifuri, sifuri..."

"Utamalizia nyumbani," alisema Jaji Makeke kwa upole. Waziri akainama. Alikuwa kwenye kiti chenye mgongo na mikono, kwa kuwa mawaziri walipewa viti hivyo kwa sheria nyingine.

Ikawa hivyo hadi jua likaanza kushuka. Mbili ilipigiwa makofi. Tatu ikaimbiwa. Hatimaye karani akafika mwisho wa karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Makala ya sufuria. Asilimia mia."

Waliokuwa dirishani wakaacha kutafuna. Jaji akamwamuru karani asome tena kwa jicho jingine. Ikawa mia vile vile. Jaji akasimama.

"Ndugu zangu," alisema, "katika maisha yangu ya kuhukumu nimehukumu mbili. Nimehukumu tatu na nusu. Niliwahi kuhukumu saba, nikatakiwa na daktari nipumzike. Mia sikuwahi kuiona kwa macho. Mia ni wote. Mia maana yake hakuna moyo hata mmoja katika taifa hili uliosoma makala hii ukabaki mgumu. Sote tumelainika. Sote tumebofya."

Waziri wa Mafagio akamnong'oneza jirani yake kwamba hata yeye anakumbuka kuibofya. Jirani akasema alikuwa naye siku hiyo. Muda si mrefu ukumbi mzima ulikumbuka, mmoja alikuwa shambani, mwingine alikuwa anajifungua, na Jaji mwenyewe akasema anahisi bado ncha ya kidole inawasha. Mimi sisemi walidanganya. Watu waungwana wakiambiwa wote wamefanya jambo, hakuna apendaye kuwa yeye aliyebaki.

Somoe alijua ni mmoja. Lakini kulijibu swali lililokatazwa kulikuwa kosa sawa na kuliuliza. Wakamwingiza ndani kwa vigelegele, wakamkalisha kwenye kiti chenye mgongo na mikono. Kilikuwa kirefu, miguu yake haikufika chini. Kule dirishani alizoea kuegemewa na watu bega hili na bega lile, wakipumua pamoja na kunong'onezana ubaya wa viatu vya mawaziri. Huku juu hakukuwa na wa kumgusa. Ila alijiambia hayo si kitu. Mtu wake yupo, popote alipo, na leo anasoma.

*

Serikali ikaunda Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Mia. Tume ilisafiri, ikala, ikarudi na jibu. Chanzo ni mtu mmoja aitwaye Mzee Msabaha, mlinzi wa kizuizi cha mpakani, kwenye barabara ambayo nchi jirani ilikwishaifunga upande wake. Gari halikuwa limepita miaka mingi. Mzee alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kukishusha kizuizi na kukiinua, na katikati kusoma simu.

Mtu mwingine angedhani habari hii ingewavunja moyo. Jaji Makeke na wenzake iliwapa nuru.

"Tumekuwa tukijilaumu bure," aliwaambia mawaziri. "Tulidhani makala zetu ni mbaya. Makala zetu hazina kasoro. Wasomaji ndio wabaya. Wanakuja kwa mamilioni, wanasoma, wanaondoka bila kubofya, wanatuharibia kiwango. Hapa tuna msomaji mmoja safi. Dawa ni kuwaondoa wengine."

Ikapitishwa hivyo. Makala zote za taifa zikafungwa kwa wananchi, na badala yake simu zao zikaonyesha picha ya Mtukufu akitabasamu. Wananchi hawakuonyesha dalili ya kupungukiwa na chochote. Mzee Msabaha akaletwa mji mkuu kwa gari la king'ora, baada ya kuomba dakika moja akishushe kizuizi vizuri kisije kikamwangukia mtu. Akatawazwa kuwa Msomaji wa Taifa. Akapewa nyumba yenye mapazia mazito, askari mlangoni, na Afisa wa Kidole, ambaye kazi yake ilikuwa kukipaka kidole cha shahada mafuta ya nazi na kuhakikisha hakikai bila kazi.

Hukumu iliyofuata ilikuwa sikukuu. Mafagio, mia. Makopo, mia. Sabuni za mche, mia. Waziri wa Mafagio alilia kwa sauti akaomba asifutwe machozi. Kwa kuwa kila mwandishi alikuwa wa kiti chenye mgongo na mikono, mikeka na mabenchi vikachomwa moto, na maseremala wakafanya kazi hadi mbao zikaisha nchini. Mwenye roho ya ukorofi angeuliza ni mafagio mangapi yaliyonunuliwa. Kuuza lilikuwa jambo la wizara nyingine.

Na makala ya sufuria? Msomaji alisoma kwa ngazi. Alianza na Mtukufu, akashuka kwa mawaziri, wakuu wa mikoa, wake wa wakuu wa mikoa, na wote hao walipoona mia inapatikana kwa urahisi walianza kuandika usiku na mchana. Sufuria ilikuwa chini yao wote, kama zamani. Zamani kulikuwa na mtu wa kushuka hadi huko. Sasa Somoe alifungua mashine yake kila asubuhi akakuta: aliyesoma, hakuna. Aliyebofya, hakuna.

"Hakuna kati ya hakuna," Jaji alisema siku ya hukumu, akamtazama kwa huruma. "Hiyo hata si sifuri, binti. Makala yako haina kiwango."

Akateremshwa kitini, akarudishwa dirishani. Sasa alisimama huko peke yake, kwa kuwa wenziwe wote walikuwa ndani.

*

Wizara ilitenga siku ya kumshukuru Msomaji. Wafanyakazi walipanga foleni nyumbani kwake, kila mmoja akapewa nafasi ya kusema neno la shukrani na kupita. Somoe alijiweka wa mwisho.

Alimkuta mzee mwembamba ameketi kwenye kochi lililomzidi, simu imeegeshwa mbele yake, kidole kinashuka na kupanda. Afisa wa Kidole alikuwa pembeni na kichupa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Mimi ndiye niliyekuwa naandika habari za sufuria."

Kidole kikasimama hewani. Afisa akakohoa. Kidole kikaendelea, lakini macho yakainuka.

"Wewe? Mtoto hivi?" Mzee akamtazama sana. "Nilidhani ni mzee mwenzangu. Nilisema, huyu kazika."

"Sijazika mtu, baba. Sina tu."

"Ehe." Akabofya. "Ni yale yale, ila ya kwako hayakuwa na matanga."

Somoe akacheka kidogo, mkono mdomoni. "Ulikuwa unabofya kila wiki. Ulikuwa unazinunua kweli?"

"Zote. Moja napikia. Moja naweka misumari. Nyingine kuku amezitawala, anatagia hii leo, kesho ile, kama mke wa tajiri."

"Mbona ulinunua nyingi hivyo?"

"Niliona pale chini wameandika bofya. Nikasema, nisipobofya watamwambia huyu hasomwi, watamwondoa. Na mimi nilikuwa sijapona ile homa uliyoiandika." Akabofya, akabofya. "Umeandika nyingine?"

"Sita."

"Ziko wapi?"

"Chini."

"Chini ya nani?"

"Chini ya hao wote, baba."

Mzee akaitazama simu, ambamo Naibu Waziri wa Makopo alikuwa anaanza aya yake ya kwanza. "Hao hawana mwisho, mwanangu. Wanaandika kuliko ninavyobofya. Kule kwangu nilikuwa nasoma mstari mmoja, nachemsha chai, naurudia. Hapa sisomi. Nabofya."

"Husomi hata moja?"

"Kuna moja ya ufagio nilijaribu." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Nilifika katikati nikasahau nimekaa wapi."

"Hayo ya Msomaji ni siri ya nchi," alisema Afisa wa Kidole. "Dada, muda wako umekwisha."

"Wamekuambia utakaa mpaka lini?" Somoe aliuliza haraka.

"Mpaka kidole kife." Mzee alisema hivyo bila uchungu. "Ningependa kurudi. Kule hakuna mtu, lakini hakuna anayenisemesha nisichokitaka. Nikisoma chako nilikuwa naona kuna mtu amekaa upande wa pili wa meza. Haongei sana. Anakula tu." Akarudisha macho kwenye simu. "Nenda salama, mwanangu. Usiwe unasimama juu ya sufuria ukiitazama."

Somoe alitoka nje, akasimama karibu na askari wa mlangoni muda mrefu hata askari akamwuliza kama anangojea gari.

*

Hukumu iliyofuata ilipoanza, alikuwa dirishani kama kawaida. Mtukufu, mia. Mafagio, mia, makala nane. Makofi yalikuwa yamechoka, watu walipiga kwa vidole viwili. Karani alipofika kwenye makopo, sauti ikatoka nje.

"Mheshimiwa Jaji, kati ya wangapi?"

Mwanzoni hawakuelewa, kwa kuwa walikwishasahau jinsi swali hilo linavyosikika. Kisha Waziri wa Mafagio akashika kifua. Nyamizi, aliyekuwa kwenye kiti chake kirefu, akafunika uso kwa mtandio. Jaji Makeke akafungua kinywa ili kuamuru kimya, lakini karani alimtangulia. Maskini, alikuwa amezibeba hesabu zile miaka yote na hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Mmoja," alisema karani, na akaonekana kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Viti vikalia ukumbi mzima. Jaji alikaa, akasimama, akakaa tena. Alipoongea alikuwa amepata njia.

"Mmoja," alisema. "Nawauliza, ukutani pameandikwa nini? Familia Moja. Hatukuandika familia mbili. Familia moja, msomaji mmoja. Mmoja ndiye sote, na sote ndio mmoja. Kwa hiyo amesoma kila mtu, na amebofya kila mtu. Tumekuwa na kiwango kikubwa kuliko tulivyojua."

Makofi yaliyopigwa hapo yalikuwa ya kweli, maana watu walikuwa wameogopa. Yalipotulia, Jaji akageukia dirisha.

"Binti, umeuliza lisiloulizwa. Kifungo kinakungoja. Una la kujitetea?"

"Sina, Mheshimiwa. Ila nimemwona Msomaji. Ni mzee, na amechoka. Kidole kile kikigoma, wote humu mtakaa wapi?"

Kila mtu akatazama kiti chake. Hakuna aliyetaka kufikiria benchi, na mabenchi yenyewe yalikwishakuwa majivu.

"Nani atashika nafasi yake?" Jaji aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kama mtu anayetaka jibu.

"Mimi. Vidole vyangu ni vyepesi, Wizara inavijua. Mrudisheni mzee kwenye kizuizi chake, na simu yake mkononi, na makala za sufuria zifunguliwe asome akitaka. Mimi nitabofya."

Jaji akashauriana na wakubwa. Walikubaliana kwamba mhalifu anahitaji kufungiwa na kulindwa, na Msomaji wa Taifa vile vile amefungiwa na analindwa, basi kuwaweka pamoja katika mtu mmoja kutaipunguzia serikali gharama. Hukumu ikasomwa kwa heshima, na waliohudhuria wakasema haijawahi kutolewa hukumu yenye akili kama ile.

Walipishana mlangoni, mzee akitoka na mfuko wake, yeye akiingia. Hawakuruhusiwa kuzungumza. Mzee alimwambia Afisa wa Kidole tu, kwa sauti ya kusikika: "Huyu usimpake mafuta mengi. Yanateleza."

*

Somoe aliketi kwenye kochi. Alibofya mafagio, akabofya makopo, akabofya salamu za mke wa Mtukufu. Viwango vikabaki mia. Hakuruhusiwa kuandika, kwa kuwa Msomaji akiandika atapendelea. Chakula kililetwa kwenye sinia kubwa la watu wanne, kufuata kanuni, na alikula upande mmoja.

Kitu cha kumwandikia mtu hakikuwapo tena. Alipojilaza mchana aliwaza kule mpakani, mzee akizisoma zile sita, taratibu, na siku moja akazimaliza, na chini ya ile ya sita kusiwe na kitu. Hilo ndilo lilimuuma, si kochi.

Nje, maghala ya sufuria yalikuwa yangali yamejaa, na kanuni ilitaka kila bidhaa iwe na mwandishi. Nafasi ya Somoe ikatangazwa. Jaji Makeke akasema haiwezekani kumpa mtu yeyote, apewe msomi, na hakuna katika nchi aliyepitia makala nyingi kuliko Mzee Msabaha. Barua ya uteuzi ikapelekwa mpakani. Somoe hakuambiwa, maana Msomaji hapewi habari, anapewa makala.

Lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kweli. Alibofya kwa kasi kuliko wakubwa walivyoweza kutunga, hata foleni yao ikaanza kupungua, jambo ambalo Wizara haikulitarajia na haikuwa na kanuni yake. Alasiri moja ya mvua aliwamaliza. Aliipita aya ya mwisho ya mke wa mkuu wa mkoa wa mwisho, akafika chini kabisa ya ukurasa wa taifa, mahali ambapo hakuna Msomaji wa Taifa aliyewahi kufika. Chini ya zile sita zake palikuwa na makala moja mpya, fupi. Kichwa chake kilisema "Namna ya Kuinua Kizuizi Kwenye Barabara Isiyopitwa na Mtu".

*Kiinue hata hivyo. Kiinue asubuhi, kabla jua halijakipasha moto kikakuchoma mkono. Kikilia, kipake mafuta, usikitukane. Kisha tazama barabara mpaka pale inapopinda. Hakuna kitu. Punga mkono hata hivyo, maana aliye upande wa pili wa kona hujui kama naye hajasimama anangoja apungiwe. Mimi hupunga. Jana upepo uliinua vumbi pale konani, nikajisikia vizuri. Sufuria hizi zinafaa. Sina la kuziongezea.*

Alifika chini. Mstari wa buluu ulikuwa pale. Akibofya, ukurasa ungeondoka umpeleke dukani, na makala nyingine ya mafagio ingekuwa tayari imeingia juu. Akarudi mwanzo.

"Dada," alisema Afisa wa Kidole, "kidole kimesimama."

Somoe akashuka mstari mmoja, akaurudia.

"Bofya, dada, wakubwa wanangoja kiwango."

"Ngoja," alisema. "Nasoma."

Afisa akashusha kichupa chake. Katika kazi yake yote, humo ndani, hakuwahi kusikia neno hilo. Akachukua kitabu cha kanuni akaanza kutafuta kama jambo hilo linaruhusiwa, ukurasa kwa ukurasa, na kwa muda wote aliokuwa akitafuta, Somoe alisoma.